Bekapu Ifunguke Hata kwa Prosesa Nyingine

Mwaka 2015 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanyika Uvira, mji wa mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kando ya Ziwa Tanganyika. Walichukua orodha za wagonjwa waliopokelewa katika kituo cha kutibu kipindupindu tangu 2009 hadi 2014, wakazilinganisha na kumbukumbu za maji yaliyosukumwa kila siku kutoka mtambo wa mji. Ilionekana kwamba siku moja bila maji ya bomba ilifuatiwa, ndani ya siku 12, na ongezeko la asilimia 155 la walioshukiwa kuwa na ugonjwa huo. Orodha hizo zingepotea, jambo hilo lisingejulikana. Na Uvira ni mahali ambapo vitu hupotea kweli: Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua makumi ya watu na kubomoa maelfu ya nyumba, na katika miaka iliyofuata ziwa lenyewe likapanda hadi kwenye makazi ya ufukweni.

Kwamba hospitali, shule au ofisi inahitaji bekapu, hakuna anayebisha. Kinachosahaulika ni kwamba bekapu hutengenezwa kwenye mashine ya aina fulani, na baada ya maafa huenda mashine itakayopatikana ikawa ya aina nyingine. Seva nyingi hutumia prosesa za ukoo wa x86, ulioanza na Intel mwaka 1978. Ukoo wa ARM, uliozaliwa Cambridge, Uingereza, mwaka 1985, ulitawala kwanza simu za mkononi, na sasa umo hata kwenye seva. Kila ukoo una lugha yake ya amri, kwa hiyo programu iliyoandaliwa kwa ajili ya mmoja haiendeshwi moja kwa moja na mwingine. Kwa mji unaokatikiwa umeme mara kwa mara, ARM ina mvuto wa wazi: kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 huendeshwa na adapta ya wati 15, mzigo ambao paneli ndogo ya jua na betri huumudu, ilhali seva ya kawaida huweza kula wati 100 na zaidi.

Hapo ndipo aina ya bekapu inapoamua kila kitu. Ukinakili diski nzima ya seva ya x86, umenakili pia mfumo wake wa uendeshaji, na mfumo huo hautawaka kwenye ARM. Hata data yenyewe ina mitego. Hifadhidata ya PostgreSQL, kwa mfano, inaweza kuhifadhiwa kwa kunakili mafaili yake yalivyo. Lakini mafaili hayo yamefungamana na mashine iliyoyaandika. Kinyume chake, amri yake ya pg_dump hutoa maelezo ya majedwali na yaliyomo, na hayo husomeka kwenye prosesa ya ukoo mwingine. Dakika chache za ziada kila usiku, na rekodi za wagonjwa hazimtegemei tena fundi wa kutafuta seva kuukuu inayofanana na iliyozama.

Wapo watakaosema x86 haitoweki kesho, hivyo kuhangaika kwa nini. Ni kweli haitoweki. Ila Itanium, prosesa ambayo Intel yenyewe iliitoa mwaka 2001 kwa ajili ya seva kubwa, iliachwa na Microsoft baada ya Windows Server 2008 R2, na usafirishaji wake ukakoma 2021. Waliokuwa na bekapu zinazoifaa yenyewe tu walilazimika kuhama. Wengine watasema data ipelekwe kwenye seva za ng'ambo kupitia intaneti. Ni wazo jema kwa nakala ya pili, ila kurudisha mafaili makubwa kwa mtandao wa simu ni polepole na ghali, tena huko nako ARM imeshaingia: Amazon ilianza kukodisha seva zake za Graviton mwaka 2018. Pingamizi zito zaidi ni la wataalamu, kwamba programu kama QEMU huweza kuigiza x86 juu ya ARM. Huweza, lakini kwa mwendo wa kujikokota, na kuiandaa kunahitaji mtu mwenye ujuzi wakati watu wanahamisha wagonjwa. Programu huru za bekapu kama restic na BorgBackup hupatikana kwa koo zote mbili, kwa hiyo jaribio linawezekana mapema: chukua diski ya nje yenye bekapu ya wiki hii, iunganishe na kompyuta ndogo ya ARM, rudisha jedwali moja la wagonjwa, kisha hesabu mistari yake ukilinganisha na seva iliyo kazini.