Kwa Nini Mboga Zetu Huwa na Nyuzi?

Sokoni, mnunuzi hukunja bua la mboga kwa vidole. Likivunjika mara moja, ananunua. Likijipinda bila kukatika, analirudisha na kwenda kwa mchuuzi mwingine. Nyuzi ni hasara kwa mkulima, na nyumbani ni chakula kinachotupwa.

Hata hivyo, nyuzi hizo zina kazi. Ndani ya bua kuna mirija inayopandisha maji kutoka mizizini, na mingine inayosambaza chakula kilichotengenezwa na majani. Kando yake kuna nyuzi zinazousaidia mmea kusimama. Mmea ukiwa mchanga, nyuzi hizi huwa laini. Unaporefuka na kuanza kutoa maua, huziimarisha kwa lignini, kitu kilekile kinachofanya mbao kuwa ngumu. Lignini hailainiki kwa kuchemshwa. Ndiyo maana managu au terere zilizokomaa hubaki ngumu hata zikikaa motoni muda mrefu.

Mfano mzuri ni mrenda. Nchini India na Bangladesh, mmea huu hulimwa pia kwa ajili ya nyuzi za bua lake, ambazo hutengenezewa magunia. Ukichelewa kuuvuna, unakaribia kupika gunia!

Ukosefu wa maji pia huchangia, kwa kuwa mboga nyingi zikipata kiu hukimbilia kutoa maua na mbegu.

Shambani:
• Vuna mapema na mara kwa mara. Kwa sukuma wiki, anza na majani ya chini.
• Kata vichwa vya maua ya managu, saga na terere ili machipukizi mapya yatokee.
• Mwagilia maji kiangazi na uweke mbolea iliyooza vizuri.

Jikoni:
• Vunja bua kwa mkono. Sehemu isiyovunjika iache.
• Toa uti mgumu wa jani la sukuma wiki, au uukatekate vipande vidogo na kuutanguliza sufuriani.
• Usizidishe magadi. Hulainisha mboga, lakini huharibu vitamini C.

Mabua magumu usiyatupe: walishe mifugo au yaongeze kwenye mboji.

Kwa ushauri zaidi, muone afisa wa kilimo katika wadi yako.