Pumzi Kupitia Jicho la Gari: Utangulizi wa Milango ya Hewa ya Taa

Huenda umewahi kusimama mbele ya gari la mashindano ukaona taa moja ya mbele haipo, na mahali pake pana tundu jeusi lililofunikwa wavu. Huenda ulidhani gari limegongwa. Tundu lile limetengenezwa kwa makusudi, na aliyelitengeneza alilipia kwa kupoteza mwanga. Ni mlango wa hewa, yaani njia ya kuipatia injini hewa ya nje kutoka mbele kabisa ya gari, kabla haijapashwa moto na chochote.

Nimewafundisha vijana wa ufundi magari kazi hii kwa miaka mingi na bado naifurahia kila inaporudi. Ni kazi ndogo: kufinyanga mdomo, kuunganisha bomba, kuziba nyufa. Lakini ndani yake mwanafunzi hukutana na sehemu kubwa ya elimu ya mwendo wa hewa, tena hukutana nayo mikononi mwake. Huhitaji kuwa mhandisi. Ukijua kuzidisha na kugawanya, na ukiwa umewahi kufungua boneti, tunaweza kuanza.

Tuanze na injini yenyewe, kwa sababu wengi hurukia bomba kabla ya kujua bomba linamhudumia nani. Injini ni pampu ya hewa. Petroli pekee haiwaki. Huhitaji oksijeni, na kwa kila gramu 1 ya petroli injini hutaka takriban gramu 14.7 za hewa ili yote iungue. Kwa hiyo anayetafuta nguvu zaidi hutafuta kwanza namna ya kuingiza hewa zaidi. Kuongeza petroli ni rahisi. Hewa ndiyo ngumu.

Ni hewa kiasi gani? Tuchukue gari moja tulifuate hadi mwisho: BMW 325i ya umbo liitwalo E30, gari la miaka ya 1980 ambalo wapenda mbio hulibadilisha hadi leo. Nimelichagua kwa sababu uso wake una taa 4 za duara, mbili kila upande: ya nje ni ya dimu, ya ndani ni ya fulu. Injini yake ina ujazo wa lita 2.5 na nguvu za farasi 170 hivi. Ni injini ya mipigo minne, maana yake kila silinda huvuta hewa mara moja tu katika mizunguko miwili ya krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Basi kila mzunguko mmoja injini nzima huvuta nusu ya ujazo wake, lita 1.25. Ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, hiyo ni lita 7,500 kwa dakika, au lita 125 kwa sekunde. Fikiria pipa la lita 200 likimalizwa zaidi ya nusu kila sekunde. Kwa kweli silinda hazijai sawasawa kila mara, kwa hiyo kichukue kiasi hicho kuwa kilele, kisha ujenge kwa kukifuata.

Sasa tufike kwenye neno la kwanza la kitaalamu: densiti. Densiti ni kiasi cha kitu kilichomo katika ujazo fulani. Lita 1 ya hewa ya pwani ina takriban gramu 1.2, lakini ikipashwa moto hutanuka, na lita ile ile hubaki na gramu chache. Injini hupima kwa ujazo, moto hupima kwa gramu. Hapo ndipo somo letu lote lilipo, nami ningependa usimame hapo kidogo kabla ya kuendelea.

Gari limekaa kwenye foleni ya Mombasa mchana. Nje kuna nyuzi 30. Chini ya boneti, karibu na ekzosi na nyuma ya rejeta, si ajabu kukuta nyuzi 60. Ili kulinganisha densiti tunahesabu joto kwa kipimo cha Kelvin, kinachoanzia kwenye baridi ya mwisho kabisa. Tunaongeza 273 kwenye nyuzi za Selsiasi. Tunapata 303 na 333. Gawanya: hewa ya chini ya boneti ina takriban asilimia 91 tu ya gramu zilizomo katika hewa ya nje. Asilimia 9 imepotea kabla hewa haijafika kwenye kichujio, kile ambacho mafundi hukiita eaklina. Hasara halisi ya nguvu huwa karibu nusu ya hiyo, kwa kuwa hata hewa baridi hupashwa njiani na kuta za injini. Lakini nusu hiyo, kwa gari letu, ni farasi 7 au 8. Tena hewa ya moto huchochea injini kugonga, yaani mchanganyiko kulipuka wenyewe kabla ya wakati wake, jambo linaloumiza pistoni.

Mwanafunzi mpya kwa kawaida hunikatiza hapa. Anasema: “Mwalimu, si upepo unaoingizwa kwa nguvu gari likikimbia ndio unaoongeza farasi?” Ni swali la haki, na jibu lake huwashangaza wengi. Upepo unaogonga uso wa gari huongeza kanieneo, ambayo ni kani inayosukuma kila eneo. Kiasi chake tunakijua tangu Daniel Bernoulli alipochapisha kitabu chake juu ya mwendo wa vimiminika mwaka 1738: nusu ya densiti, mara mwendo, mara mwendo tena. Kwa kilomita 100 kwa saa, sawa na mita 28 kwa sekunde, tunapata paskali 460 hivi. Paskali ni kipimo cha kanieneo, na hewa inayotuzunguka kandokando ya bahari ina paskali 101,000 na zaidi. Kwa hiyo upepo wote ule umeongeza chini ya nusu ya asilimia moja: kwa gari letu, hata farasi 1 hatimii. Kwa kilomita 200 kwa saa zawadi hiyo hufika asilimia 1.8. Inafaa, ila ni wachache wanaoifikia. Linganisha na Nairobi, iliyo mita 1,700 hivi juu ya bahari, ambako kanieneo ya hewa iko chini kwa takriban asilimia 18. Hakuna tundu la taa litakalokurudishia pengo hilo.

Basi shika hili: mlango wa hewa wa taa hujengwa kwanza kwa ajili ya ubaridi. Upepo ni nyongeza.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1964 kampuni ya Ford ya Marekani ilitoa magari takriban 100 ya Fairlane Thunderbolt kwa ajili ya mbio za robo maili, karibu mita 400 za mstari mnyoofu. Ndani ya gari la wastani walibana injini ya lita 7. Taa mbili za ndani ziliondolewa, zikawekwa nyavu, na kutoka hapo mabomba mawili makubwa yalipita hadi kwenye kisanduku kilichofunika kabureta mbili. Mbio hizo humalizika kwa sekunde 12 hivi, na gari huanza likiwa limesimama. Mwanzoni hakuna upepo wa kuzungumzia, ila joto chini ya boneti lipo tangu gari linaposubiri zamu. Hewa baridi ilikuwa na faida kuanzia mita ya kwanza.

Turudi kwenye E30. Kwa nini tundu la taa, na si kwingine? Kwa sababu hewa inayokutana na uso wa gari husimama mahali fulani kabla ya kugawanyika kwenda juu, chini na pembeni, na pale inaposimama ndipo kanieneo huwa kubwa. Karibu na ukingo wa gari, ambako uso hupinda, hewa huanza kukimbia na kanieneo hushuka. Ndiyo maana taa ya ndani hufaa kuliko ya nje. Unaweza kuliona hili kwa macho. Bandika nyuzi fupi za sufu usoni mwa gari, mwombe mwenzako aliendeshe kwenye uwanja uliofungwa, nawe piga picha. Nyuzi zilizolala na kunyooka kuelekea pembeni zinakuonyesha hewa inayokimbia. Zile zinazotikisika bila mwelekeo ziko pale unapopataka.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni mdomo. Chukua bomba la milimita 75. Lita zetu 125 zikipita humo kila sekunde, hewa ndani ya bomba huenda mita 28 kwa sekunde, mwendo ule ule wa gari kwenye barabara kuu. Bomba lililokatwa tu na kuachwa limechomoza, hewa huingia kwa kujipinda ghafla na kuacha mzunguko wa vurugu nyuma ya ukingo. Hasara yake hufika asilimia 80 au hata 100 ya ile nusu-densiti-mara-mwendo-mara-mwendo tuliyoihesabu. Maana yake, kwa mkato mmoja wa msumeno umeirudisha karibu zawadi yote ya upepo. Ukingo ukiwa sawasawa na ukuta, hasara hushuka hadi asilimia 50. Ukiuviringisha kama mdomo wa tarumbeta, kwa mviringo wenye nusu kipenyo cha milimita 12 hivi, hasara hushuka hadi asilimia 5 au chini yake. Kazi ya jioni moja, na haihitaji mashine.

Kipenyo nacho kina neno. Taa ya E30 ina upana wa milimita 146, kwa hiyo nafasi ipo. Ukitumia bomba la milimita 100 badala ya 75, mwendo wa hewa hushuka hadi mita 16 kwa sekunde, na hasara zote za njiani hupungua hadi theluthi moja. Hewa hustahimili njia inayobanwa taratibu, lakini njia inayopanuka ghafla huivuruga. Bomba linapofika kwenye kisanduku cha kichujio lipanue polepole, kwa pembe ya jumla isiyozidi nyuzi 7 hadi 10 kama nafasi inaruhusu. Kona ziwe chache na pana.

Kuutengeneza mdomo, mafundi wengi hutumia faiba, kitambaa cha nyuzi za kioo kinacholoweshwa kwa resini, gundi inayoganda ikawa ngumu. Ukiishi pwani, tembelea wanaotengeneza boti za faiba. Watakufundisha kwa siku moja nitakayokueleza kwa kurasa kumi. Chonga kalibu, yaani umbo la kufinyangia, lipake nta mara kadhaa ili kazi ichomoke, kisha weka tabaka 2 au 3. Dawa ya kugandisha resini ya poliesta ni gramu 1 hadi 2 kwa kila gramu 100. Ukizidisha, resini hupata moto na kupasuka. Vaa glavu, barakoa ya mvuke na miwani, kwa kuwa dawa hiyo ikiingia jichoni huweza kupofusha. Fuata matundu ya skrubu ya taa yenyewe, ili siku yoyote uirudishe bila kukata bodi.

Kisha ziba. Kisanduku cha kichujio kikiwa na ufa upande wa injini, hewa ya moto itaingia hapo, na mdomo wako mzuri utabaki pambo.

Yapo mambo mawili ambayo sikubali mwanafunzi ayapuuze. La kwanza ni maji. Tundu linaloelekea mbele hupokea mvua ya masika kama linavyopokea hewa. Maji hayabanwi, yakijaa kwenye silinda, pistoni huyagonga na koneting rodi hupinda. Acha sehemu pana kabla ya kichujio, ambapo hewa hupunguza mwendo na matone huanguka, toboa tundu la kutolea maji chini yake, na kichujio kikae juu kuliko mdomo. La pili ni mwanga. Gari la uwanjani mchana laweza kuishi bila taa moja ya fulu. Gari linalorudi nyumbani usiku linaihitaji, na sheria za barabarani nazo zinaihitaji. Kwa hilo, tengeneza mdomo unaotoka upesi na taa irudi mahali pake.

Mwisho tunapima. Vifaa vyako ni kipimajoto chenye waya mrefu, ncha yake ikiwa ndani ya kisanduku, na hosi nyembamba inayoona ndani, iliyokunjwa kama herufi U na kutiwa maji yenye rangi. Upande mmoja wa hosi uende kwenye kisanduku, mwingine ubaki wazi ndani ya gari, na abiria asome tofauti ya vimo vya maji. Kila milimita 1 ni karibu paskali 10. Pima kabla ya kubadilisha chochote, kisha pima tena baadaye, kwa mwendo ule ule na injini ikizunguka vilevile. Kwa kilomita 100 kwa saa, upepo hauwezi kukupa zaidi ya milimita 47. Ukisoma 60, angalia madirisha: moja likiwa wazi huvuta hewa nje ya gari na kukudanganya. Lifunge, urudie.