MIANZI NA FAIDA YA MAJANI YAKE

Wakulima na wafugaji wa Longonot waijua sana taabu ya nchi yao. Udongo wake ni wa majivu ya volkano, mwepesi kama unga. Mvua kubwa ikinyesha huuchimba ukawa makorongo, na kiangazi kikifika malisho hukauka. Mwanzi waweza kusaidia katika shida hizi mbili, ikiwa utapandwa kwa akili.

Kwanza ni kuchagua aina ifaayo. Mwanzi wa asili wa Kenya hukua katika milima yenye baridi na mvua nyingi, kama Nyandarua na Mau, penye kimo cha mita 2,400 hivi na zaidi. Mtu akiupanda katika tambarare kavu atapata hasara. Taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, iliyoko Muguga, imejaribu aina nyingi zilizotoka Asia. Basi ni vema kuomba shauri kabla ya kununua miche.

Mche upandwe masika yanapoanza, Machi au Aprili, mahali panapokusanya maji ya mvua, kama kando ya korongo. Chimba shimo la sentimita 60 kila upande, tia samadi, na uache nafasi ya mita 5 kati ya mche na mche. Zungushia miiba. Mifugo ikila machipukizi kichaka hudhoofika, tena machipukizi mabichi yana sumu. Hata watu hawayali ila baada ya kuyachemsha sana.

Majani yaliyokomaa hayana lawama hiyo. Hubaki mabichi wakati nyasi zimekauka, na ng'ombe na mbuzi huyala. Lakini yachanganywe na chakula kingine, kwani peke yake hayatoshi. Majani yaangukayo yasifagiliwe wala kuchomwa. Yakiachwa chini huhifadhi unyevu, huzuia matone ya mvua yasipige udongo, na yakioza huwa mbolea. Mizizi nayo hushika kingo za korongo.

Jambo moja la kuangaliwa sana: jani ndilo lipikalo chakula cha mizizi. Mwenye kuyakata yote mwaka huu asishangae kukosa mashina mwaka ujao. Chukua machache katika kila kichaka, na mashina yasikatwe kabla hayajatimiza miaka 3. Hivyo shamba litadumu, na ng'ombe hatalala njaa.