Misheni ya Thogoto: Elimu iliyoletwa na ardhi iliyotwaliwa

JINA Thogoto, mahali palipopakana na Dagoretti upande wa Kaunti ya Kiambu, si neno la kale la Kikikuyu. Ni matamshi ya wenyeji ya neno Scot, yaani Mskoti. Jina hilo limehifadhi kumbukumbu ya misheni iliyoleta elimu na mzozo wa ardhi kwa wakati mmoja.

Bunduki ilitangulia Biblia. Mnamo Oktoba 1890, Kapteni Frederick Lugard wa kampuni ya Waingereza iliyojulikana kama IBEA alijenga ngome Dagoretti, baada ya kula kiapo cha udugu na Waiyaki wa Hinga. Udugu huo haukudumu. Uhasama ulizuka kati ya watu wa ngome na wenyeji, na mwaka 1891 ngome ikaachwa. Kampuni ilijenga nyingine karibu na hapo, Fort Smith. Mwaka 1892 Waiyaki alikamatwa, akafia Kibwezi akisafirishwa kuelekea pwani.

Kibwezi ndiko Waskoti walikoanzisha misheni yao mwaka 1891, wakifadhiliwa na matajiri wa kampuni hiyo hiyo. Malaria iliwashinda, na mwaka 1898 Thomas Watson akaihamishia Dagoretti, na baadaye ikatulia Thogoto.

Walifika wakati wa njaa kuu na ndui. Watson na mkewe, Minnie, waliwalisha wenye njaa. Watson alifariki mwaka 1900, lakini mjane wake alibaki akifundisha hadi 1931.

Hata hivyo, maafa hayo yalizifanya koo nyingi kuyahama mashamba yao. Kwa Wakikuyu, ardhi ya ukoo ilikuwa na mwenyewe hata alipokuwa mbali. Kwa serikali ya kikoloni, ilikuwa tupu. Misheni, iliyochukuliwa na Kanisa la Scotland, ikamilikishwa ekari zipatazo 3,000.

Mtindo huo ulikuwa umeonekana kwingineko. Kuanzia San Diego mwaka 1769, Wahispania walijenga misheni California chini ya ulinzi wa ngome, wakawakusanya wenyeji kufanya kazi katika mashamba ya misheni.

Thogoto, wanafunzi waliigeuza kalamu kuwa silaha. Jomo Kenyatta alijiunga na misheni mwaka 1909, akabatizwa 1914. Mwaka 1929 alikwenda London kuwasilisha malalamiko ya ardhi kwa niaba ya chama cha KCA.

Mwaka huo huo Dkt John Arthur aliwataka waumini waape kuikana tohara ya wasichana. Wengi walikataa, wakihofu kwamba waliopoteza ardhi sasa wangepoteza pia mila. Walihama kanisa na kuanzisha shule zao huru. Tohara hiyo sasa ni kosa la jinai nchini, lakini shule hizo zilithibitisha kwamba Waafrika wangeweza kujisomesha bila mmishenari.

Hospitali ya Kikuyu na Shule ya Upili ya Alliance, iliyofunguliwa 1926, zingali zinahudumia taifa. Anayezisifu hana budi kukumbuka pia koo ambazo mashamba yao yalizibeba.