Nani Atoke Nyumbani?

Saa tano usiku, ploti ya ghorofa huko Kayole, Nairobi. Mama ameketi kwenye ngazi, mtoto mgongoni, mfuko wa nguo magotini. Majirani wamesikia kila kitu. Kesho wazee wa mtaa watawaketisha, mume ataomba msamaha, mke ataambiwa avumilie. Akikataa, ndiye atakayehama, maana nyumba imekodishwa kwa jina la mume.

Sheria haisemi hivyo. Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya mwaka 2015 inamruhusu hakimu kuamuru mama abaki ndani na anayempiga atoke, hata kama jina kwenye risiti ya kodi ni la mume peke yake. Narudia jambo hili kila ninapopata nafasi, kwa sababu nimeona wengi wakivumilia kipigo kwa kukosa pa kwenda na watoto. Wala cheti cha ndoa hakihitajiki: wachumba, walioachana na wanaoishi pamoja wote wamo. Kutishwa, kunyimwa pesa makusudi, kulazimishwa tendo la ndoa na mume wako, hizo pia ni dhuluma.

Kinachoombwa mahakamani ni amri ya ulinzi; kwa watu wengi wa Eastlands, upande huo wa Nairobi, mahakama ya karibu ni Makadara. Hatari ikiwa kubwa, hakimu hutoa amri ya muda kabla mume hajasikizwa. Mume akiivunja amri, ni faini isiyozidi shilingi 100,000, kifungo kisichozidi miezi 12, au vyote viwili.

Lakini mwili kwanza. Nenda hospitali, Mama Lucy Kibaki kwa mfano. Aliyebakwa aanze dawa za kuzuia HIV kabla ya saa 72 kupita. Asioge kwanza, na nguo alizovaa zisifuliwe. Zitiwe kwenye mfuko wa karatasi, kwani ndani ya plastiki unyevu huharibu ushahidi. Kwenye kituo cha polisi, usiondoke bila nambari ya OB (kitabu cha matukio) na fomu ya P3 ya kuandika majeraha, ambayo haiuzwi. Ukiambiwa hayo ni mambo ya nyumbani, uliza dawati la jinsia. Mwanamke ana haki ya kuandikisha taarifa kwa afisa mwanamke.

Wakili akikosekana, FIDA Kenya, shirika la mawakili wanawake, limekuwa likiwasaidia wanawake bila malipo tangu 1985. Na simu ya 1195, ya kuripoti dhuluma, ni ya bure, usiku na mchana. Jirani aliye nyuma ya mlango, anayesikia yote, anaweza kuipiga yeye.