Mizani, Ubao na Kibuyu: Kupima Unene wa Wanafunzi Kipkelion

Unene wa mtoto haupimwi kwa macho, kwa kuwa macho huzoea maumbo yanayoyazunguka, hivi kwamba palipo na wengi waliokonda mtoto wa kawaida huitwa mnene. Wataalamu wa lishe kwa hiyo hutumia uwiano wa uzito na urefu, yaani kilo za mwili zikigawanywa kwa kipeo cha pili cha urefu katika mita, kanuni ya karne ya 19 iliyoanzishwa na Adolphe Quetelet wa Ubelgiji, ambaye alikuwa mwanatakwimu na mwanaastronomia, wala hakuwa tabibu.

Kwa mtu mzima hesabu huishia hapo. Kwa mwanafunzi bado: msichana wa miaka 10 mwenye urefu wa sentimita 140 na uzito wa kilo 38 hupata 19.4, kiwango ambacho kwa mama yake ni cha kawaida kabisa, lakini katika jedwali la Shirika la Afya Duniani la 2007, lililoandaliwa kwa wenye miaka 5 hadi 19, kimevuka 19.0, ambapo uzito uliozidi huanza kwa umri wake, ingawa hakijafika 22.6, mpaka wa unene wa kupindukia. Shule inayokisia umri kwa gredi huharibu kipimo kabla mtoto hajavua viatu.

Utafiti wa Nairobi uliochapishwa 2014, uliohusisha watoto 563 wa miaka 9 hadi 11, ulikuta asilimia 14.4 wana uzito uliozidi na 6.4 wana unene wa kupindukia. Ni kosa kuzihamishia takwimu hizo Kipkelion, nchi ya vilima, mahindi na ng'ombe wa maziwa katika Kaunti ya Kericho. Tena, kudumaa, yaani kuwa mfupi mno kwa umri, kuliwapata asilimia 18 ya watoto wa Kenya wa chini ya miaka 5 katika utafiti wa kitaifa wa 2022, na aliyedumaa anaweza kuwa na uwiano wa kawaida kabisa, kwa kuwa uzito wake mdogo umegawanywa kwa urefu mdogo. Ubao wa kupimia urefu basi usomwe peke yake pia.

Baada ya mwili huja chakula, na kukipima ndiko kugumu zaidi. Njia iliyozoeleka ni kumhoji mtoto kuhusu alivyokula saa 24 zilizopita, ilhali kimyet, ugali wa Wakipsigis wa huko, humegwa katika sahani moja na ndugu zake, na sukari ya chai hutiwa sufuriani na mpishi, kwa hiyo mtoto hajui vijiko vyake ni vingapi. Akitaja maziwa, yaweza kuwa ni mursik, maziwa yaliyogandishwa katika kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti wa senetwet, au ni chai yenyewe. Mhoji asiyemwuliza aliyepika ataandika vyote kwa neno moja. Mandazi ya dukani karibu na lango hayatajwi, hasa mwalimu akiwa anasikiliza. Na mhoji anayefika Jumatatu huandika Jumapili, siku ya chapati na soda baada ya kanisa, kana kwamba ndivyo mtoto huyo anavyokula hata Alhamisi.