Huduma mbovu hotelini: Bakshishi utoe au usitoe?

Swali hili huzuka kila siku kwenye meza za hoteli zetu, kuanzia Mji wa Kale hadi Diani, Malindi na Lamu. Samaki wa kupaka amechelewa, amekuja amepoa, weita hata pole hakusema, na sasa bili iko mezani. Je, bakshishi bado ni haki yake?

Jibu fupi ni hapana. Bakshishi si deni. Neno lenyewe limetoka Kiajemi na asili yake ni kutoa. Hakuna sheria ya Kenya inayomlazimu mteja kuacha kitu juu ya bili. Katiba ya 2010, Kifungu cha 46, ndiyo kwanza inampa mteja haki ya kupata huduma ya ubora unaofaa. Aliyelipa alichokula kisha akaenda zake hajamdhulumu mtu.

Hata hivyo, kabla hujafunga mkoba, kuna mambo ya kutazama.

Isome bili

Wengi wetu hulipa bila kusoma. VAT ya asilimia 16 ni ya serikali. Ile asilimia 2 ambayo baadhi ya hoteli huiandika CTL ni ushuru wa utalii. Zote mbili hazimfikii weita. Lakini ukiona ‘service charge’, hiyo ni ada ya huduma, nayo imekusudiwa kushika nafasi ya bakshishi. Kwa chakula cha Sh2,000, ada ya asilimia 10 ni Sh200. Ikiwa imo, hulazimiki kuongeza tena. Na ikiwa huduma ilikuwa mbovu, zungumza na meneja kuhusu ada hiyo kabla ya kulipa, maana pesa zikishatoka kuzirudisha ni kazi.

Kosa ni la nani?

Weita ndiye unayemuona, kwa hivyo lawama zote humwangukia yeye. Lakini yeye hapiki. Wali ukija mbichi, kosa ni la jikoni. Mtu mmoja akipewa meza kumi na tano usiku wa Idd, kosa ni la mwenye hoteli aliyebana matumizi. Katika hali hiyo, weita aliyekuja kukueleza, akaomba radhi na kukuletea maji ukingoja, amefanya kazi yake. Kumnyima ni kumwadhibu kwa kosa la mwengine.

Kosa lake ni lile lililo mikononi mwake: kukaa na simu huku unamwita, kuleta usichoagiza kisha abishane, kukujibu kwa ufidhuli, au kukuongezea hesabu. Hapo usione haya kutoacha kitu.

Sema, tena kwa staha

Kuondoka kimya hakumfunzi mtu. Weita atadhani wewe ni bahili tu, na kesho mwengine atatendewa vivyo hivyo. Wengine huacha shilingi tano mezani kwa makusudi. Hiyo ni kejeli, wala haimwambii alipokosea.

Mwite kando, au mwite meneja, useme kilichotokea: “Ndugu yangu, nimengoja karibu saa nzima na hukuja kunieleza.” Usimfokee mbele ya watu. Huenda ni kijana wa umri wa mwanao, na kazi yenyewe ni ya msimu. Ukimvunjia heshima, hata aliyekuwa tayari kukubali kosa atajitetea.

Desturi ya Marekani si yetu

Jamaa zetu waliokaa Marekani hushangaa tukisema mtu anaweza asiache kitu. Kule sheria ya taifa inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu dola 2.13 kwa saa, kiwango ambacho hakijabadilika tangu 1991, kwa matarajio kwamba bakshishi itajaza pengo. Ndiyo maana watu hutoa asilimia 15 hadi 20 hata huduma ikiwa ya kawaida. Kenya mshahara wa weita haupangwi hivyo. Ni mdogo, naam, lakini bakshishi ni nyongeza tu juu yake.

Mwenyeji na mgeni

Lililo chungu zaidi hapa kwetu ni hili: mwenyeji hukaa akitazama mzungu aliyeingia nyuma yake akihudumiwa mwanzo. Weita anajua mgeni ataacha noti, na mwenyeji ataokota hata chenji ya mwisho. Mwenyeji naye anasema, nitoe ya nini nami sikuthaminiwa? Kila upande unangoja mwengine aanze.

Weita wajue kwamba watalii huja kwa msimu, ila sisi tupo mwaka mzima. Nasi tujue kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Hata Sh50 kwa aliyekuhudumia vyema, pamoja na neno la shukrani, atakukumbuka nalo.

Ukilipa kwa M-Pesa kwenye till, kumbuka pesa hizo huingia kwa mwenye biashara. Bakshishi mpe weita mkononi, au umtumie kwa nambari yake mwenyewe.